Nilivyomfuata Asha kwa Treni na kwa Miguu

Tangu nirudi, kila anayeingia kwenye baraza ninaposhonea huniuliza neno lile lile: ilikuwaje, Salima? Nami huwa nina nguo ya mtu magotini na pini mdomoni, basi najibu nusu. Wengine mmepata mwanzo, wengine mmepata mwisho, na katikati nasikia mmejiungia wenyewe huko sokoni, hadi jana nimeambiwa kwamba nilipigana na mamba. Sikupigana na mamba. Nimeona afadhali niandike yote mara moja, wanaojua kusoma wawasomee wengine.

Habari za vibali na mihuri nitaziruka. Foleni ile kila mmoja wenu anaijua.

Ubao wa Idi

Mnakumbuka kwamba waasi walipoukaribia mji wetu wa Kisangani, mimi na mume wangu Idi tulimpeleka binti yetu Asha Ubundu, kwa mama yake Idi. Asha alikuwa na miaka minane. Tulidhani ni mambo ya wiki tatu. Vita vikaingia mjini, vikatoka, barabara yetu ikaungua nyumba kwa nyumba, tukahamia huku Makiso kwa shangazi yangu. Lakini upande wa Ubundu ulibaki mikononi mwa waasi muda mrefu baada ya sisi kuanza kulala usingizi, na hakuna barua iliyopita. Mwaka ukaisha hivyo, ukaanza mwingine.

Kisha tukasikia treni imeanza tena kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto, mara moja kwa wiki. Haikufika Ubundu. Iliishia kilomita ya themanini na mbili, kwa kuwa daraja la mbele lilikuwa limevunjwa.

Idi hakuweza kwenda. Wanajeshi kwenye vizuizi walikuwa wakiwafungua wanaume mashati kutafuta chale za dawa walizochanjwa waasi, na Idi ana kovu refu kifuani, la msumeno, tangu alipokuwa akijifunza useremala. Nani angekaa kumsikiliza habari za msumeno? Basi nikasema nitakwenda mimi. Hakunikataza. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda, akarudi na ubao aliokwisha kuupiga randa.

Ubao ule aliuchora jirani yetu Papa Bosenge, ambaye alifanya kazi ya kutengeneza reli mpaka mgongo ukamshinda. Alichora mto kwa chaki, akachora reli pembeni yake.

"Hapa unashuka," alisema. "Kutoka pale, njia ya reli iko fupi, lakini basoda, wanajeshi, wanatembea na reli. Mwanamuke peke yake, hapana. Wewe fuata mutoni, njia ya wavuvi. Jua ikianza kushuka utafika kwa kambi ya Papa Lifoko. Lala pale. Kesho yake, saa sita, uko Ubundu."

"Na kama nikiipita kambi bila kuiona?"

"Utasikia mbuzi yake. Ile mbuzi hainyamazaka."

Nilikariri ubao ule siku tatu kama mtoto wa shule. Ninyi mlidhani naogopa msitu. Msitu niliuogopa, ndiyo, lakini niliogopa zaidi kufika. Mama mkwe wangu, Koko Mwanvua, koko yaani bibi, hakunipenda tangu siku ya harusi. Kwa miaka kumi na moja hakula chakula changu hata mara moja bila kuongeza chumvi kwanza, kabla ya kuonja. Nikijiuliza atanipokeaje, na kama mtoto atakuwa bado ananijua, niliurudia ubao tangu mwanzo.

Nilibeba kikwembe, nguo ya kujifunga, cha kubadili, mikate, chumvi ya kuwapa watu, na mfuko wangu wa kazi wenye mkasi, sindano na nyuzi. Idi alisema niuache mfuko. Sikuuacha. Sijawahi kutoka bila sindano.

Suruali za wanajeshi

Treni ilitakiwa kuondoka alfajiri. Iliondoka jua likiwa juu ya vichwa. Yalikuwa mabehewa ya mizigo tu, sisi tumekaa juu ya magunia, mlango wazi, na moshi wa kuni ukitupaka masizi usoni. Karibu yangu alikaa mama mmoja Mkatoliki wa Yanonge aliyekwenda kumtafuta kaka yake. Alinigawia chikwange, muhogo uliopondwa na kufungwa majanini, nami nikampa mkate.

Kabla ya nusu ya safari treni ilisimama kwenye kizuizi. Wanaume waliambiwa washuke, wafungue mashati. Kisha mwanajeshi mmoja akapanda, akaanza kupekua mizigo ya wanawake. Alipofika kwangu akautoa mkasi, akauinua juu.

"Hii ni nini?"

"Mkasi, papa. Nashona nguo."

"Unashona?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Alors, shuka."

Nilishuka. Mama wa Yanonge alishika rozari yake. Mwanajeshi alitembea mbele, mimi nyuma, mpaka nyuma ya kibanda cha mabati. Pale akaniambia nisubiri. Akaingia ndani, akatoka amejifunga taulo kiunoni, na mkononi ana suruali iliyopasuka kutoka nyuma mpaka gotini.

"Ni miezi miwili natembea hivi," alisema. "Kapita ya kikosi, mukubwa wetu, ananicheka."

Nilikaa juu ya sanduku nikashona. Mishono mitano ya kwanza ilikwenda upande, nikaifumua nikaanza upya. Nilipoinua kichwa, palikuwa na wanajeshi wengine wanne waliojifunga mataulo na mablanketi, kila mmoja na suruali yake, na nyuma yao wengine wakija. Mkubwa wao akatuma neno kwa dereva kwamba treni haiondoki mpaka mama amalize.

Basi treni nzima ikaningoja. Kwanza watu walinihurumia. Baadaye wakachoka. Mzee mmoja mwenye kuku alikuwa akija kila mara kuhesabu suruali zilizobaki.

"Mama, fanya vite kidogo. Jua inaenda."

"Papa, nikifanya haraka itapasuka tena, na watatusimamisha tukirudi."

Alifikiri. "Bon. Shona muzuri, basi."

Mama wa Yanonge alishuka kunitungia nyuzi, na tukamaliza kabla ya magharibi. Wanajeshi walitupikia wali na makayabo, samaki yule wa chumvi, na yule wa kwanza alinirudishia mkasi kwa mikono miwili. Nilikula nikajikuta nacheka peke yangu. Nilikuwa hai, na nilikuwa nimeshiba.

Kilomita ya themanini na mbili

Tulifika giza limeingia. Kituo ni chumba kimoja na veranda. Nilimwuliza karani wa pale treni itarudi Lubunga lini.

"Ikijaa," alisema.

"Itajaa lini?"

"Watu ya mawese wakileta mawese. Pengine kesho kutwa, pengine kabla ya pale." Kisha akaona uso wangu. "Mama, ile inayofuata itakuya wiki ingine. Haiko mwisho ya dunia."

Nililala verandani katikati ya wanawake.

Kando ya mto

Nilianza kutembea ukungu ukiwa bado juu ya maji. Mto pale hauna haraka. Ni mpana, mzito, na upande wa pili huuoni mpaka jua lipande. Njia ya wavuvi ni nyembamba kama mkanda; mara inakwenda kwenye mchanga, mara inapanda kwenye mizizi, mara inaingia majini na kutokea mbele. Kwenye kijito kimoja maji yalinifika kifuani. Niliweka mzigo kichwani nikavuka kwa kupapasa na vidole vya miguu, na robo ya chumvi ikayeyuka ikanitiririkia mgongoni.

Nilipita vijiji viwili visivyo na watu. Nyumba zilisimama bila milango. Migomba ilikuwa imezaa, ndizi zimeiva zikaanguka, hakuna aliyezikata. Katika kijiji cha pili nilikaa kwenye kizingiti nipumzike, ndipo sauti ikatoka msituni, sauti ya mwanamume, karibu sana.

"Mama. Unatoka wapi?"

Sikumwona. Niliyaangalia majani tu. "Kisangani."

"Vita iliisha?"

"Iliisha."

"Nani alisema?"

Nilifikiria nani alisema. Redio ilisema, lakini redio ilikwisha kusema mambo mengi. "Treni inatembea," nikajibu. "Nilipanda jana."

Nikasikia watu wengine wakinong'ona, na mtoto mchanga akikohoa.

"Bon," sauti ikasema. "Pita muzuri, mama."

Niliacha konzi tatu za chumvi juu ya jani la mgomba pale kizingitini, nikaondoka bila kugeuka. Sijui walikuwa wangapi. Tangu pale nilitembea haraka zaidi, na woga wangu ukawa mdogo, maana niliona wapo wanaoniogopa mimi.

Gauni lenye pindo langu

Jua lilipoanza kushuka nilimsikia mbuzi. Kambi ya Papa Lifoko ni vibanda vinne, nyavu zimetandazwa, samaki juu ya moshi. Mke wake, Mama Losombe, alikuja kunipokea. Hakujua Kiswahili sana, na Kilokele mimi sikijui, kwa hiyo tuliongea kwa vipande, na Kilingala kikatusaidia hapa na pale. Alinipa maji ya kuoga, akanipa kigoda, akaleta lituma ya ndizi iliyopondwa vizuri, na juu yake nyama. Niliuliza nyama ya nini. Akanionyesha kwa mikono: mnyama mwenye meno, mkia mrefu, anayelala mchangani. Nikasukuma sahani taratibu, nikamwambia sisi Waislamu wa kwetu hatumli mamba. Akadhani naogopa sumu. Akachukua kipande, akala mbele yangu, akafungua mdomo nione amemeza. Nilimpenda pale pale. Mwishowe tukaelewana kwa samaki. Mamba wa safari yangu ni huyo, na alikuwa amekwisha kupikwa.

Nilikuwa nanawa mikono nilipoliona gauni. Lilikuwa limeanikwa juu ya kamba, gauni la mtoto, la buluu, limepauka. Nilisimama nikaligeuza pindo. Mimi napinda kwa mshono wa mara mbili na kila sehemu ya nne naurudisha nyuma. Mnaujua, mmenicheka kwa ajili yake. Ulikuwa mshono wangu.

"Mama Losombe, hii nguo ilitoka wapi?"

"Ya mutoto," alisema. "Mutoto wa koko ya Ubundu. Walilala huku siku kumi na moja. Koko iko na bugonjwa ya muguu. Muguu ilivimba, puu!" Akaonyesha ukubwa wake kwa mikono.

"Wako wapi?"

"Koko alishatutoka. Siku mbili sasa."

Kwetu, ninyi mnajua, mtu akisema fulani ametutoka, tunainua mikono tukamwombea. Nililishika gauni.

"Na mtoto?"

"Mutoto vilevile. Walitoka pamoja."

Sikumbuki nilikaaje chini. Mama Losombe alinijia, akaniuliza kitu, nami nikazidi kulikumbatia gauni. Alidhani ni uchovu, au nimepata habari njema zikanizidi. Akanifunika blanketi, akakaa karibu yangu akinipapasa mgongo na kuimba polepole kwa lugha yake. Nililala nalo lile gauni usoni. Halikuwa na harufu yoyote ila ya sabuni na moshi. Nilifikiri nitamwambia nini Idi. Nilifikiri nimekuja kwa kuchelewa siku mbili, na kwamba Koko Mwanvua, aliyeninunia miaka yote, ndiye aliyekuwa na mtoto wangu mpaka mwisho.

Kaburi la nani

Kulipopambazuka Papa Lifoko alirudi kutoka kwenye nyavu zake. Yeye Kiswahili alikijua. Alikuwa amewahi kufanya kazi bandarini. Nilimwamkia, nikamwambia nataka kuona kaburi kabla sijarudi.

"Kaburi ya nani?"

"Ya koko. Na ya mtoto."

Aliweka kapu la samaki chini. Akamwita mke wake, wakaongea Kilokele, na nikaona Mama Losombe akiweka mikono kichwani.

"Mama," alisema Papa Lifoko, "hakuna mutu alikufa. Alitutoka, alienda. Na muguu yake mwenyewe, na fimbo nilimukatia. Nilimwambia angoja muguu ikauke, alikataa. Ule mama anakatalaka sana."

"Anakatalaka," nikasema, na hapo nikajua ni Koko Mwanvua kweli, na yuko hai.

"Njia ya mutoni iko na maji mingi kwa muguu yake. Nilimuonyesha njia ya ndani, inatokea kwa reli. Wanaenda kungoja treni."

"Treni gani?"

"Ile ya kilomita makumi munane na mbili. Pengine walifika jana magharibi."

Jana asubuhi nilikuwa nimelala kwenye veranda ya kituo kile. Wao walikuwa wakija kwa ndani, mimi nikipita mtoni, na msitu katikati yetu. Mama Losombe alikuwa akilia sasa, ananishika mikono, anasema maneno ambayo sikuyahitaji kutafsiriwa. Nilimkumbatia. Nilimwambia gauni abaki nalo binti yake mdogo, kwani walinieleza kwamba Asha alimpa mwenyewe kwa sababu limembana. Nikasikia neno lile nililolisema, limembana. Mtoto wangu alikuwa amekua.

Papa Lifoko hakunywa hata chai. Aliusukuma mtumbwi majini.

"Kwa miguu utafika saa munane," alisema. "Na maji tunashuka. Ukiona naacha kupiga kasia, shika muzuri na usiniulize kitu."

Aliacha kupiga kasia mara tatu. Mahali pale mto unabadilika, unakuwa na misuli, na mtumbwi ukapita kati ya mawe nikiwa nimelala chini kama mmoja wa samaki wake. Sikumwuliza kitu. Tulipokaribia tukaisikia filimbi ya treni, ndefu, kisha nyingine. Papa Lifoko akaanza kupiga kasia kama anayefukuzwa, na aliponishusha kwenye mchanga hata kuagana vizuri hatukuagana. Nilimwachia chumvi yote iliyobaki, nikakimbia.

Behewa la tatu

Treni ilikuwa bado imesimama, debe la mwisho la mawese likipandishwa. Behewa la kwanza hawakuwamo. La pili hawakuwamo. Nilikuwa nikiita jina la Asha, na watoto watatu wakaniitikia, wote si wangu.

Kwenye behewa la tatu, pembeni, alikaa mzee mwanamke amenyoosha mguu mmoja uliofungwa matambara, na msichana mrefu, mwembamba, kichwa kimenyolewa. Msichana aliniangalia. Hakusogea. Alimgusa mzee bega, akasema polepole:

"Koko, yule mama anafanana na mama."

Koko Mwanvua aligeuka. Aliniangalia toka miguuni mpaka kichwani, matope yote yale.

"Uko mutu, ao uko kitu ingine?"

"Niko mtu, mama. Ni Salima."

"Na mutoto wangu?"

"Idi ni mzima. Anatungoja mjini."

Alifumba macho. "Walitwambia barabara yenu iliungua yote."

"Iliungua. Sisi hatukuwamo."

Hapo ndipo Asha alipokuja, si kwa kukimbia, alikuja kwa magoti juu ya magunia, akanishika kikwembe kwanza, kisha mkono, kisha akanipanda mwili mzima kama alipokuwa na miaka mitatu, na miguu yake mirefu ikaning'inia. Treni ikaondoka nasi hivyo. Nilimshika kilomita nyingi bila kumwachia.

Mvua ilitukuta njiani, na paa la behewa lilivuja. Asha alikuwa amelala, akaanza kutetemeka. Koko Mwanvua alifungua furushi aliloliegemea, akatoa kitambaa cheupe, amerikani mpya, akaniambia nimfunike. Nikakikunjua. Mnajua kazi yangu. Siwezi kushika kitambaa bila kukisoma. Kilikuwa kimekatwa. Niliangalia ndani ya furushi, nikaona vingine vimekunjwa kwa mafungu mawili. Fungu moja lilikuwa na vipande vitatu. Lile la kitambaa nilichoshika lilikuwa na vitano, kimoja kimetobolewa katikati pa kupitisha kichwa, kimoja kidogo cha ushungi.

Vitatu ni vya maiti ya mwanamume. Vitano ni vya mwanamke.

"Nilisema nitawatafuta," alisema, akiangalia mvua. "Hata kama ni mifupa. Nilisema hawatalala katika udongo bila nguo." Kisha akasema, "Ya kwako nilikata mwenyewe kwa kukadiria. Sikujua kama utakuwa umekonda."

Alikuwa ametembea na mguu ule, siku zote zile, na vipande vitano vyangu mgongoni. Nikatoa mkate wa mwisho, umelowa, nikamgawia. Aliula wote bila kuomba chumvi.

Ng'ambo

Kwenye kizuizi wanajeshi walinitambua, wakatupungia tupite. Tulilala njiani kwa kuwa kuni ziliisha, na kesho yake tukafika Lubunga tukapanda kivuko.

Idi alikuwa amesimama ng'ambo, upande wetu, pale wanapofunga kamba. Baadaye alisema alikuwa akija kila siku, tangu siku niliyoondoka. Alipotuona watatu aliingia majini na viatu. Alimchukua Asha kwanza, akamweka begani mtoto mkubwa vile, kisha akarudi kumshika mama yake, ambaye hakutaka kubebwa.

Koko Mwanvua alisimama juu ya ardhi kavu. Akamshika mwanawe uso, akamfungua shati, akaliangalia lile kovu la msumeno, akalifunga tena kifungo kwa kifungo. Halafu akaingiza mkono katika furushi, akatoa vile vipande vitatu vyeupe, akamwekea Idi mikononi.

"Hii ni yako," alimwambia. "Beba mwenyewe. Mimi nilishachoka."